Kitambaa cha Kufunikia Mashine ya Boti
Maneno ya Afisa Uvuvi wa Kata mbele ya vikundi vya wavuvi

Nimeombwa niseme juu ya kifuniko cha mashine.

Baadhi ya mashine za kupachika hapa Mafia ni mali ya vikundi, na baadhi zimepatikana kwa mikopo ya halmashauri, ile itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini hurejeshwa hata kama mashine imekwisha kuliwa na kutu.

Tukitaja kifuniko, wengi hufikiri mvua. Mvua mashine huivumilia. Adui zake inapoegeshwa ni jua, linalopausha rangi na kukausha mipira ya mafuta, na mvuke wa chumvi uliofungiwa ndani. Kwa hiyo kitambaa kinachofaa ni kile kinachozuia maji kuingia na papo hapo kinaruhusu hewa kutoka. Sifa hizo mbili hugombana.

Turubai la plastiki, lile la buluu, bei yake ni nafuu, lakini jua la kaskazi hulipasuapasua. Hata kabla halijapasuka, lifunue asubuhi utazame upande wa ndani: limejaa matone. Turubai zito la malori hudumu zaidi, ila nalo halipumui; mwenye hilo aliache wazi chini na alitoboe matundu ya hewa ubavuni, chini ya ukingo wa kuzuia mvua. Turubai la pamba hupumua. Likilowa, nyuzi zake huvimba na kuziba njia ya maji, tabia iliyolifaa pia katika matanga. Ubaya wake ni koga. Masika ikiwa ndefu, huoza. Nailoni ina nguvu, lakini hunyonya maji, hulegea, na jua huidhoofisha upesi kuliko poliesta. Kikundi chenye uwezo wa kuchagua, mimi ningekishauri kinunue poliesta nzito iliyotiwa dawa ya kuzuia maji, ya rangi ya mpauko, kwa kuwa nyeusi hunywa joto.

Muuzaji huenda hajui anachouza, nasi tusimlaumu. Ombeni kipande. Kiwekeni mdomoni mpulize: pumzi isipopita kabisa, huenda mvuke nao usipite. Kikunjeni kama kikombe, mtie maji, msubiri. Kisha chomeni uzi mmoja. Pamba huwa jivu lenye harufu ya karatasi iliyoungua, ilhali poliesta na nailoni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Sasa uzi wa kushonea, ambao watu huusahau. Nimeona vifuniko vya kitambaa kizuri vikifumuka kwa sababu vilishonwa kwa uzi wa pamba. Tumieni uzi wa poliesta, na mshono usipite juu kileleni, maana kila tundu la sindano ni mlango wa mvua. Pete za kupitishia kamba ziwe za shaba. Za chuma hushika kutu, na kutu hiyo hula kitambaa kilichozizunguka.

Kitambaa chochote kitaharibu mashine kikifunikwa vibaya. Kwanza mashine isafishwe kwa maji ya kisima, ipoe, ikauke, ndipo ifunikwe. Na kifuniko kivuliwe kabla ya kuwasha, kwani mashine huvuta hewa. Ikizibwa, hukosa nguvu na hupata joto kupita kiasi.

Mwenye kitambaa alichokwisha kununua akilete hapa mbele tukipulize pamoja. Kiberiti ninacho.