Funga Daftari, Uandike: Maandalizi ya Mtihani wa Kidato cha Nne Katika Shule za Kando ya Ziwa



Mtihani wa taifa wa kidato cha nne huanza Novemba. Mock ikishapita, shule zetu za Mwanza hubadilika: prepo zinarefushwa, kambi zinafunguliwa, madesa yanapigwa kopi mpaka wino unafifia. Juhudi hiyo naiheshimu. Lakini sehemu kubwa inaishia kwenye kusoma na kurudia kusoma, na kwenye chumba cha mtihani mtahiniwa anatakiwa kutoa kichwani na kuandika. Hilo la pili watoto wetu hawalifanyii mazoezi ya kutosha.

Nafundisha Baiolojia. Mwanafunzi mmoja alisimama akanitajia maana ya osimosisi kwa Kiingereza, neno kwa neno kama ilivyo kitabuni. Nikamwuliza kwa nini sangara akipakwa chumvi hutoa maji. Kwao wanatengeneza kayabo, wale sangara wa chumvi wanaosafirishwa hadi Kongo, na kazi hiyo ameifanya kwa mikono yake tangu mdogo. Akanyamaza. Tulipozungumza kwa Kiswahili, dakika chache zilimtosha: chumvi imezidi nje, kwa hiyo maji yanatoka ndani ya seli kupitia utando wake. Kisha akaandika jibu hilo kwa Kiingereza, sarufi ikiyumba hapa na pale, lakini maelezo yakiwa yake.

Watoto wengi wa shule zetu za kata wamesoma msingi kwa Kiswahili na wanatahiniwa kwa Kiingereza. Anayeiogopa lugha hukimbilia kukariri. Kwa hiyo diskasheni iende kwa Kiswahili mpaka kila mmoja aelewe, halafu kila mmoja aandike peke yake kwa Kiingereza. Kikundi ambacho mmoja anafundisha na wanne wanaitikia ni jioni iliyopotea.

Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Marekani, walichapisha jaribio ambalo ningependa kila mwalimu wa taaluma alijue. Wanafunzi wa kundi moja walisoma habari fupi, wakairudia kuisoma. Wa kundi jingine waliisoma, wakaiweka kando na kuandika walichokumbuka. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioandika walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Ndiyo maana mtoto aliyesoma usiku kucha hujiona yuko tayari, na kweli usiku ule yuko tayari.

Namna ya kufanya ni hii. Soma mada moja, funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka, kisha fungua ujisahihishe kwa kalamu nyekundu. Irudie baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki, ukiichanganya na mada nyingine. Inachosha. Mwanafunzi ataona kama hajui kitu, na hapo ndipo mwalimu asimwache arudi kwenye kupiga mistari ya rangi daftarini.

Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zikiwa na sampuli za majibu mazuri na mabaya. Wape wanafunzi sampuli mbovu waipe alama na waeleze imekosea wapi. Mtoto aliyewahi kusahihisha husoma swali kwa macho mengine.

Kuhusu kukesha nitasema kwa kifupi. Ubongo huimarisha kumbukumbu mtu akiwa amelala. Anayekaa na miguu kwenye beseni la maji baridi hadi saa tisa usiku anakipunguza kile alichokisoma jioni. Alale.

Ratiba ndiyo inayonisumbua zaidi. Tunaipanga kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, wakati kaya nyingi za Igombe, Kayenze na visiwa vya Ukerewe zinaishi kwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika. Mtoto wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anayeamka alfajiri ya giza kuanika dagaa hawezi kuwa na jioni sawa na mwenzake wa Capri Point. Basi siku za giza apewe kazi ndogo: nusu saa, mada moja, karatasi moja. Mtihani mzima uliopita, saa tatu kwa saa ya ukutani, usubiri mbalamwezi, nyumba ikiwa imetulia na yeye ameshiba usingizi.

Hili haliwezekani bila wazazi. Napendekeza wakuu wa shule za mialoni wawaite wazazi kabla ya giza la Oktoba, kalenda ya mwezi ikiwa mezani, wakubaliane nani ataanika dagaa siku za mtihani badala ya mtahiniwa. Na waanze na mabinti, kwa sababu mara nyingi kazi hiyo inaangukia kwao.