Kazi za Fedha Hazianzii Benki: Maandalizi ya Mwanafunzi wa Sekondari

Mada iliyotolewa kwa wakuu wa shule, wazazi na wanafunzi wa sekondari



Mzazi wa Musoma akisikia kwamba mwanawe anataka kazi ya fedha, picha inayomjia ni moja: kijana aliyevaa tai, ameketi nyuma ya kioo cha benki, anahesabu noti. Picha hiyo imepitwa na wakati. Noti sasa huhesabiwa na mashine, na sehemu kubwa ya kuweka na kutoa fedha imehamia kwenye simu na kwa wakala wa mtaani. Anayemwandaa mtoto kwa kiti cha nyuma ya kioo anamwandaa kwa kiti ambacho idadi yake inapungua.

Kazi zilizoongezeka ziko mahali ambapo watu hawaangalii. Zahanati na shule za umma siku hizi hupokea fedha moja kwa moja katika akaunti zao, na kila kituo hutakiwa kuandika mapato na matumizi katika mfumo wa FFARS. Halmashauri hulipa kupitia mfumo wa MUSE na kukusanya ushuru kwa mashine za POS. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hupitia hesabu hizo na kutoa hati. Hoja nyingi za ukaguzi hazitokani na wizi wa mamilioni. Hutokana na hati ya malipo isiyo na kiambatisho, stakabadhi iliyopotea, au fedha iliyokusanywa Jumatatu ikapelekwa benki Ijumaa. Na katika zahanati ya kijiji, anayeshika kazi hiyo mara nyingi ni mganga au muuguzi aliyetoka kuhudumia wagonjwa. Hakufundishwa uhasibu, naye halaumiwi kwa hilo.

Zaidi ya hapo kuna vyama vya msingi vya wakulima wa pamba Bunda, kuna SACCOS, kuna vikundi vya VICOBA visivyohesabika katika vijiji vya Butiama, na kuna vikundi vinavyokopeshwa kutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kila kimoja kina mweka hazina. Pale ambapo daftari la kikundi liko kichwani mwa mtu mmoja, kikundi hufa siku mtu huyo anapohama au anapougua, na mkopo hubaki jina tu katika orodha ya wadaiwa.

Mfano mmoja wa ziwani unatosha kuonyesha aina ya mtaalamu anayehitajika. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Wakati wa giza mitumbwi hutoka, taa huvuta dagaa, nyavu hujaa. Mbalamwezi ikikaribia kukamilika, taa haina nguvu mbele ya mwezi; mitumbwi hutulia ufukoni na nyavu hushonwa. Kwa mwenye mtumbwi, karibu wiki moja katika kila mwezi haina mapato. Sasa mkopeshaji humletea mkopo wa shilingi 600,000 wenye riba ya shilingi 60,000, urejeshwe kwa wiki 12, shilingi 55,000 kila wiki. Kwenye karatasi hesabu ni sahihi kabisa. Ziwani ni kosa, kwa sababu katika wiki zile 12 tatu hazitakuwa na kitu, na katika kila moja ya hizo tatu mkopaji atakopa kwa mtu mwingine ili asionekane mdaiwa sugu.

Afisa mikopo aliyekulia Mwisenge au Majita angeupanga mkopo huohuo kwa marejesho tisa ya giza, shilingi 73,333 hivi kila moja, na wiki za mbalamwezi zikaachwa wazi. Jumla ni ileile. Mkopeshaji hapotezi riba yake, na mwenye mtumbwi hauzi injini. Vivyo hivyo kwa pamba: mkulima wa Bunda hupata fedha msimu wa kuuza, hivyo kumdai kila mwezi tangu siku ya kupanda ni kumdai mtu ambaye bado hajavuna. Ujuzi huu haupatikani katika kitabu kilichochapwa London. Mtoto wa Mara anao nusu yake tayari kabla hajaingia darasani. Nusu iliyobaki ni hesabu.

Hapo ndipo penye kizuizi. Katika matokeo ya kidato cha nne nchini, Hisabati ni somo linaloangusha watahiniwa wengi mwaka hadi mwaka, na wanafunzi wengi huwa wameshaliaga moyoni tangu kidato cha pili. Wapo wanaokimbilia masomo ya biashara wakidhani wameikwepa Hisabati. Hawakuikwepa. Utunzaji wa vitabu vya hesabu hautaki milinganyo migumu, lakini hutaka asilimia, uwiano, na zaidi ya yote subira ya kutafuta shilingi 200 zilizopotea katika kurasa sita mpaka zionekane. Mtaala ulioboreshwa umeifanya Elimu ya Biashara kuwa somo la lazima kwa wanafunzi wa mkondo wa jumla, na hilo ni jema. Lakini mwanafunzi anayekariri maana ya mizania bila kuwahi kuandaa mizania hata ya duka la mama yake atabaki na maneno matupu.

Njia za masomo baada ya hapo ni nyingi kuliko zinavyotangazwa. Anayeendelea kidato cha tano anaweza kuchukua tahasusi ya uchumi, biashara na uhasibu, iliyozoeleka kwa jina la ECA, au EGM ya uchumi, jiografia na hisabati. Ya pili ni ngumu zaidi, lakini hufungua pia milango ya takwimu na hesabu za bima, ambako wataalamu ni wachache. Asiyeendelea kidato cha tano hajafungiwa. Vyuo hupokea wahitimu wa kidato cha nne katika ngazi ya cheti cha awali, na kutoka hapo mtu hupanda hadi stashahada na shahada. Taasisi ya Uhasibu Tanzania na Chuo cha Elimu ya Biashara zote zina kampasi Mwanza, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka Bunda. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, nayo ina mitihani ya ngazi za chini kwa mafundi sanifu wa uhasibu, na ngazi ya juu kabisa hutoa cheti cha CPA, ambacho bila hicho hakuna anayeruhusiwa kusaini ripoti ya ukaguzi kama mkaguzi huru. Safari hiyo ni ya miaka, na mzazi aijue mapema ili asimwambie mwanawe "umeshasoma vya kutosha" akiwa katikati ya njia.

Upungufu wa wataalamu si jambo geni. Benki Kuu ilifunguliwa Juni 1966. Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, benki za biashara zilitaifishwa, na nchi ikajikuta na benki nyingi kuliko watu wa kuziendesha. Mwaka 1972 zikatungwa sheria za kuanzisha Chuo cha Usimamizi wa Fedha na bodi iliyokuja kuwa NBAA. Mwaka 1974, katika mji huuhuu wa Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU iliazimia, pamoja na mambo mengine, kwamba mwombaji wa chuo kikuu awe amefanya kazi kwanza. Utaratibu huo uliachwa baadaye. Hata hivyo, kijana aliyemaliza kidato cha nne akikaa miezi mitatu na katibu wa chama cha msingi, akiandika mizani ya pamba na malipo ya wakulima, huenda chuoni akijua kile anachokwenda kujifunza.

Kuna sababu nyingine ya somo hili, hata kwa mwanafunzi ambaye hatafanya kazi ya fedha kamwe. Mikopo inayoitwa kausha damu imeingia katika kila soko. Mama anachukua shilingi 100,000, mwisho wa mwezi anadaiwa 130,000. Akishindwa kulipa yote, hutoa ile 30,000 ili aongezewe mwezi. Baada ya mwaka mmoja wa kutoa hivyo amelipa 360,000, na bado anadaiwa 100,000 ileile. Binti wa kidato cha pili anaweza kuikokotoa hesabu hiyo ubaoni kwa dakika tano. Nyumbani huenda ndiyo inayoamua kama mwakani atakuwa darasani au ameshaozwa, kwa kuwa ng'ombe wa mahari wamelipa mahali pengi deni ambalo hakulikopa yeye.

Mzaliwa mmoja wa Butiama aliliona jambo hili kwa jicho la fasihi. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi, iliyotoka 1969, aliwapa Waswahili kisa cha mkopo wa miezi mitatu ambao haukuwa na riba hata senti moja. Mtego ulikuwa katika kifungu cha adhabu: ratili moja ya nyama ya mwili wa mdaiwa. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Biashara wanaweza kukifundisha kisa hicho pamoja, mmoja akishughulika na lugha, mwingine akiuliza darasa: ni kifungu gani Antonio alipaswa kukisoma mara mbili?

Gharama ya kuanza ni ndogo. Shule nyingi zina mradi wa bustani, wa kuku au wa duka. Wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu wapewe daftari la mradi huo walishike wao, mwalimu akague kila Ijumaa, na mwisho wa muhula hesabu zisomwe mbele ya wazazi, hasara ikiwemo. Vikundi vya VICOBA vilivyo jirani na shule vinaweza kuombwa kupokea wanafunzi wawili wawili siku ya kugawana hisa, kwa ridhaa ya wanakikundi na bila kutoa nje majina ya wadaiwa. Kutunza siri ya fedha ya mtu mwingine ni sehemu ya kazi hii, na hufundishwa siku ya kwanza.

Wazazi wenye watoto kidato cha pili waulize shuleni mwao sasa kama kuna mwalimu wa masomo ya biashara na uhasibu, na pale asipokuwepo, mkuu wa shule awasilishe upungufu huo kwa afisa elimu sekondari kabla wanafunzi hawajachagua masomo ya kidato cha tatu.