Kundi la Pili la Nyuki: Mfugaji Anayeanza Achague Lipi?

Ndugu wakulima wa Mbulu na Hanang, leo nataka kuzungumza nanyi juu ya nyuki. Sizungumzi na yule ambaye hajaanza kabisa, wala na mzee mwenye mizinga mingi ya magogo huko porini, maana huyo ana mengi ya kutufundisha sisi. Nazungumza na wewe mwenye mzinga mmoja. Umeutundika, nyuki wameingia, umevuna asali yako ya kwanza, watoto wamelamba vidole. Sasa unajiuliza: niongeze nini?

Wengi hujibu haraka: niongeze mizinga kumi. Hapo ndipo hasara huanzia. Mizinga kumi ni fedha nyingi. Nyuki wataingia katika mitatu, na pengine mmoja kati ya hiyo mitatu utakuwa na nyuki wakali kupita kiasi. Siku moja watauma mbuzi wa jirani, nawe utaogopa kuisogelea hata ile iliyo mipole. Mwishowe mizinga inaliwa na mchwa. Basi neno langu la leo ni hili: kundi linalofuata lichague kwa tabia yake, kwa mahali litakapokaa, na kwa ujuzi ulio nao mkononi. Idadi itakuja yenyewe.

Jambo la kwanza. Kundi lako la pili liwe la nyuki walewale wa kawaida wanaouma, kama ulio nao, tena likae katika mzinga unaofanana na ule wa kwanza. Kwa nini? Kwa sababu mwenye mzinga mmoja hana cha kulinganisha. Nyuki wakipungua, hajui kama ni kiangazi au ni ugonjwa wa mzinga wake. Mwenye mizinga miwili hufungua yote, akaona tofauti.

Tena mzinga wa pili huokoa wa kwanza. Malkia akifa na kundi likashindwa kupata mwingine, kundi hilo halina siku nyingi. Vibarua huishi majuma machache tu wakati wa kazi nyingi, na bila malkia hakuna wa kushika nafasi zao. Ukifungua mzinga usione mayai wala majana, chukua sega moja lenye mayai kutoka mzinga ulio mzima. Yai la nyuki ni dogo mno, linasimama chini ya kitundu cha sega kama chembe nyembamba ya mchele. Waondoe nyuki kwa unyoya, hakikisha malkia hayupo juu yake, kisha lipeleke sega hilo katika mzinga usio na malkia. Vibarua watachagua majana machanga sana, yasiyozidi siku tatu tangu kuanguliwa, watayalisha chakula cha kimalkia, na malkia mpya atatoka siku kama 16 tangu yai lilipotagwa. Atahitaji siku kadhaa zaidi za kwenda kupandwa na madume angani. Kwa hiyo ngoja kama mwezi mmoja ndipo utafute mayai mapya.

Lakini sikiliza vizuri: haya yawezekana tu kama viunzi vya mizinga yote miwili vina kipimo kimoja. Viunzi ni vile vipande vya mti vinavyopangwa juu ya mzinga wa sanduku, na nyuki hujenga sega chini yake. Kwa nyuki wetu wa Afrika, upana wa kiunzi uwe milimita 32. Mwambie fundi hivyo, na urefu uwe sawa kwa mizinga yote. Fundi akikisia kwa jicho, nyuki watajenga sega moja juu ya viunzi viwili, na hutaweza kutoa kimoja bila kuvunja kingine. Na unapobeba sega, lishike likiwa limening'inia wima. Ukililaza, litakatika.

Jambo la pili. Pima tabia ya kundi kabla ya kulinunua au kulizalisha. Nenda jioni, jua linapotua. Vaa kofia yenye wavu, puliza moshi kidogo, fungua taratibu. Nyuki wapole watatulia juu ya sega. Nyuki wakali watamiminika nje, watagonga wavu, na watakufuata hata ukienda hatua mia moja. Usiamue kwa siku moja, maana hata nyuki wapole hukasirika wakiwa na njaa, au wakifunguliwa na mtu mwenye papara. Pima mara tatu kwa siku tofauti. Usile ndizi mbivu kabla ya kwenda mzingani: nyuki akiuma hutoa harufu ya kuwaita wenzake, na harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu. Kundi litakaloonekana pole mara zote tatu, hilo ndilo la kutolea sega la kuzalisha malkia, kwa kuwa ukali na upole hurithiwa.

Hapa niseme juu ya rangi. Mmesikia kwamba kuna nyuki weusi wa milimani walio wapole. Ni kweli. Mtaalamu F. G. Smith aliwaeleza mwaka 1961, nao wanajulikana katika misitu ya milima mirefu kama Kilimanjaro na Meru. Wale wa nyanda za chini wana rangi ya manjano zaidi, na ni wepesi wa kuuma na wa kuhama. Lakini katikati, mlima unapokutana na mbuga, nyuki hao huchanganyika. Kwa hiyo mtu akikuuzia kundi kwa kusema, "Hawa ni weusi, wametoka juu," mjibu kwa adabu kwamba utawafungua kwanza.

Jambo la tatu. Ukisha kuweza makundi mawili, la tatu laweza kuwa la nyuki wadogo wasiouma. Hawa wanafaa kukaa karibu na nyumba, na hata watoto waweza kuwatazama. Wakichokozwa huingia nyweleni na kung'atang'ata, basi. Asali yao ni kidogo, wanaihifadhi katika vyungu vidogo vya nta na utomvu, si katika masega. Ina ukali wa uchachu na ina maji mengi, hivyo huchacha upesi kuliko ile ya kawaida. Itunze katika chombo safi kilichofunikwa, mahali pa baridi, na usiichanganye na nyingine, maana huuzwa kwa bei yake. Ila usikate mti ili kuwapata. Wengine hukaa ndani ya vichuguu. Usivibomoe ovyo, kwa kuwa malkia wao akishakomaa hawezi kuruka, na kundi likivunjwa vibaya linakufa. Anza na kundi lililokwisha kukaa katika kipande cha gogo au sanduku.

Jambo la nne ni mahali. Kabla ya kuongeza kundi, hesabu maua na maji. Anayekaa kwenye tambarare za ngano za Basotu ajue kwamba ngano haiwapi nyuki nekta, hata kama shamba halionekani mwisho. Anayelima alizeti, maharage na mbaazi ana chakula cha nyuki, na nyuki watamlipa, kwani alizeti inayotembelewa na nyuki hujaza mbegu vizuri zaidi. Anayepakana na migunga, au na msitu wa Nou, au na miteremko ya Hanang, ana nafasi kubwa zaidi. Lakini ndani ya msitu wa hifadhi usitundike mzinga bila kibali. Onana kwanza na ofisi ya misitu. Na unapopulizia mazao dawa, pulizia jioni nyuki wakisha kurudi, na uwaarifu majirani wenye mizinga.

Weka mizinga mbali na nyumba, shule, njia na kisima, angalau mita 200. Usifunge ng'ombe au mbuzi kwa kamba karibu nayo, maana aliyefungwa hana pa kukimbilia. Itundike kwa waya uliopakwa grisi, ili sisimizi wasipande na nyegere asiifikie.

Na wale nyuki wakali sana tuwafanyeje? Waache kwa mwenye uzoefu. Hata kama wana asali nyingi, si wa mtu anayejifunza. Mtu akiumwa, aondoke kwanza mahali hapo, kisha akwangue mwiba upesi kwa ukucha. Akianza kuhema kwa shida, au kuvimba uso na ulimi, au akiwa ameumwa na nyuki wengi, mpelekeni hospitali mara moja. Hilo si jambo la kungoja asubuhi.

Ndugu zangu, asali katika wilaya hizi si kitu kigeni. Wadatoga wamekuwa wakiitumia kutengenezea pombe ya heshima katika sherehe zao tangu zamani. Tunachohitaji sasa ni kuongeza kwa mpango. Msimu huu, ongeza mzinga mmoja tu. Paka nta ndani yake, utundike kabla maua hayajafunguka, nyuki wakiingia wape muda wa kukaa, kisha wafungue jioni mara tatu uwajue. Ukiona mizinga yote miwili ina mayai, majana na nyuki watulivu, hapo umefika mahali pa kufikiria wa tatu.