Tutalala uwanjani: maneno yangu kwa vijana wa kujitolea, Ikwiriri

 

Nimeombwa niongee na waliojiandikisha kujitolea kwenye gulio letu la sanaa na ubunifu. Ni siku mbili, na usiku mmoja wa kulala uwanjani kwenye mahema. Huo usiku ndio umeleta maneno. Mama mmoja kaniuliza: "Mwanangu, Ikwiriri hii mnalala nje?"

Ana haki ya kuuliza. Mwaka 2017 huku Rufiji, Kibiti na Mkuranga watu walikuwa wanauawa, bodaboda wakapigwa marufuku kutembea kuanzia saa 12 jioni mpaka asubuhi. Na hema lenyewe kwetu halina sifa ya starehe: mafuriko ya 2024 yaliwapeleka ndugu zetu kambini bila kupenda. Sasa sisi tunataka kulala humo kwa hiari yetu, tupige ngoma, tuchore, akina mama wauze mikeka yao mpaka usiku. Kwangu hiyo tu ni sababu tosha.

Sheria sasa (mnajua siwezi kuacha). Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa 2016, ikafunguliwa Januari 2023. Kukusanyika kwa amani ni Ibara ya 20 ya Katiba. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi kinataka taarifa angalau saa 48 kabla. Taarifa jamani, siyo kuomba hisani. Barua iende mapema, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ikae kwa kiongozi wa kambi usiku kucha.

Kujitolea nako kuna mpaka. Ibara ya 25 inakataza kazi ya shuruti, kwa hiyo sitaki kusikia mtu kabebeshwa maturubai kwa kuwa ni mdogo, wala dada zetu wote wamepelekwa jikoni. Zamu zichanganywe. Mahema ya wasichana yawe karibu na taa na choo. Kila mtu aje na chandarua. Mbu wa bonde hili hawana chama.

Bendera? Mimi nasema zibaki ofisini. Najua wengine mtanuna. Lakini muuza mikeka akiulizwa kadi getini harudi tena, na atawaambia wenzake.

Zamu ya kwanza tukutane saa 12 asubuhi, na nyundo na kamba. Mapanga ya kufyekea nyasi tutaazima, yarudishwe kwa wenyewe kabla mgeni wa kwanza hajafika.