Daftari Lililo Ndani ya Simu

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Kaeni vizuri, na mwalimu wa darasa awe tayari na chaki yake.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi vikundi vingi vya kuweka na kukopa huandika hesabu zao katika simu. Mweka hazina hubonyeza tu, na akiba ya watu thelathini imekwisha andikwa. Je, imeandikwa wapi? Leo tutatazama daftari moja litumiwalo sana na programu za simu. Tutafuata maswali ambayo mafundi wa programu wenyewe huyauliza mara kwa mara.

Daftari hilo huitwa SQLite. Lilianzishwa mwaka 2000 na Mmarekani, D. Richard Hipp. Wakati ule alikuwa akitengeneza programu ya kutumiwa katika manowari ya Marekani. Programu ile ilitegemea programu nyingine, iitwayo seva, iitunzie kumbukumbu. Seva ikisimama, kazi nayo husimama. Hipp akajiuliza: kwa nini programu isisome na kuandika faili lake yenyewe? Ndipo akatengeneza daftari lisilohitaji karani wa kukaa mlangoni. Hesabu zote hukaa katika faili moja. Halilipiwi ada, na leo limo katika kila simu ya Android na kila iPhone.

Swali la kwanza: simu ikizimika katikati ya kuandika, itakuwaje? Tuseme mwanachama analipa deni la shilingi 5,000 kutoka katika akiba yake. Hapo kuna mambo mawili: akiba ipunguzwe, na deni lipunguzwe. Simu ikizimika baada ya jambo la kwanza, fedha zake zimekwenda wapi?

Kwa kawaida SQLite hufanya hivi. Kabla ya kubadili ukurasa, huunakili ukurasa wa zamani katika faili dogo la pembeni. Kazi ikimalizika, faili lile la pembeni huondolewa. Simu ikizimika kabla ya hapo, daftari likifunguliwa tena hulikuta faili lile, na kurudisha kurasa kama zilivyokuwa. Ama mambo yote mawili yameandikwa, ama hakuna hata moja. Lakini ni lazima fundi ayafunge mambo hayo mawili yawe kazi moja. Asipoyafunga, kila moja litaandikwa peke yake, na hatari itarudi pale pale. Tena, mtu asilifute faili la pembeni akidhani ni takataka. Akilifuta kabla halijafanya kazi yake, daftari laweza kuharibika.

Swali la pili: je, watu wawili waweza kuandika kwa wakati mmoja? Hapana. Wasomaji waweza kuwa wengi, lakini kalamu ni moja. Anayeandika hulifunga daftari, na mwenziwe hungoja. Mara nyingi kungoja huko hakufiki hata sekunde moja. Fundi asipoweka muda wa kungoja, programu hukataa mara moja na kusema daftari limefungwa. Kwa kikundi kimoja hiyo si taabu. Lakini chama chenye matawi mengi, na makarani wanaoandika kutwa kila mmoja kwa kompyuta yake, kinafaa kutumia seva. Si vema kuliweka faili hili katika mtandao ili kompyuta nyingi zilifungue pamoja. Mara nyingine kufuli za huko hazifungi sawasawa, na wawili wakiandika pamoja daftari huharibika.

Swali la tatu: nimefuta majina mengi, mbona faili halipungui? Kwa sababu kurasa tupu hubaki zikingoja maandishi mapya. Iko amri iitwayo VACUUM, ambayo hulipanga faili upya na kulipunguza. Jueni pia kwamba jambo lililofutwa huenda bado likasomwa na fundi mjuzi. Basi msiuze simu ya kikundi kwa kuamini tu kwamba majina yamefutwa.

Swali la nne, nalo ni la fedha hasa: je, daftari litamkataza mtu anayeandika vibaya? Si lazima. Karani akiandika maneno “elfu tano” mahali pa namba 5,000, SQLite huweza kuyapokea bila kulalamika. Kisha likiambiwa lijumlishe, “elfu tano” ile huhesabiwa kuwa sifuri! Tangu mwaka 2021 fundi aweza kuweka sharti liitwalo STRICT, ili maneno yakataliwe mahali pa namba. Mwulizeni fundi wenu kama ameliweka.

La mwisho ni nakala. Daftari hili hujilinda simu inapozimika, lakini haliwezi kujilinda na mwizi, wala na simu kutumbukia kisimani. Wekeni nakala mahali pengine. Msinakili faili wakati mtu anaandika, maana mtapata nusu ya zamani na nusu mpya. SQLite ina njia yake ya kutoa nakala iliyo salama. Fundi aiweke katika programu yenu.

Basi, simu haikumwondolea mweka hazina wajibu wake. Asome jumla mbele ya wanachama, nao wailinganishe na risiti zao.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini kupunguza akiba na kupunguza deni kuwe kazi moja?
2. Ni chama cha namna gani kinachohitaji seva?
3. Nakala ya hesabu za kikundi chenu iko wapi, na nani anayeitunza?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.