Siku Mbili kwa Wiki Zatosha Kuanza: Kuhusu Malengo ya Mazoezi ya Jimu
Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa Gataka



Kila Januari jimu hujaa. Mashine ya kukimbilia huwa na foleni kama ile ya matatu jioni. Machi ikifika, anayeitaka mashine huipata bila kungoja. Waliotoweka hawakuwa wavivu. Wengi wao ni watu wanaoamka kabla ya jogoo ili wawahi gari la mjini, na ambao walilipa ada ya miezi sita kwa pesa waliyoihesabu mara mbili kabla ya kuitoa. Shida ilianzia kwenye lengo walilojiwekea siku ya kwanza.

Chukua mfano wa mama wa miaka 42 anayefanya kazi ofisini mjini. Hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, Barabara ya Magadi ikimhurumia. Ana watoto wawili, mmoja yuko gredi ya 6. Anajiandikisha jimu na kuandika kwenye simu yake: siku sita kwa wiki, saa moja na nusu kila siku, kilo 15 zitoke kwa miezi miwili.

Hesabu ya lengo hilo haikubali. Kilo 15 kwa wiki nane ni karibu kilo mbili kila wiki, ilhali kiwango ambacho wataalamu wa afya hupendekeza kwa mtu wa kawaida ni kati ya nusu kilo na kilo moja kwa wiki. Tuseme mwili wake unaitika vizuri, na baada ya miezi miwili amepunguza kilo nne. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini maandishi kwenye simu yanamwambia kwamba ameshindwa, tena kwa kilo 11. Ni wachache wanaorudi jimu baada ya kusoma hukumu kama hiyo. Zile siku sita nazo zilikuwa zimevunjika tangu wiki ya pili, siku mvua iliponyesha na gari likachukua saa tatu kutoka mjini.

Je, mwili unahitaji kiasi gani hasa? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yale yanayopandisha pumzi kiasi kwamba mtu anaweza kuzungumza lakini kuimba hawezi. Anayefanya mazoezi mazito zaidi, kama kukimbia, anatosheka na dakika 75 hadi 150. Juu ya hapo, aimarishe misuli angalau siku mbili kwa wiki. Wenye umri wa miaka 65 na kuendelea waongeze mazoezi ya kusimama imara, siku tatu kwa wiki, ili wasianguke. Mwongozo huo uliondoa pia sharti la zamani kwamba mazoezi yasiyofika dakika 10 mfululizo hayahesabiwi. Siku hizi kila dakika ina hesabu yake.

Hapo ndipo mkazi wa Gataka anapoweza kufurahi kidogo. Yule mama hutembea dakika 15 kutoka nyumbani hadi stejini asubuhi, na dakika 15 kurudi jioni. Akiutembea mwendo huo kwa haraka siku tano za kazi, ana dakika 150 tayari, na hajalipa shilingi. Kinachobaki ni misuli, siku mbili. Kwa hiyo lengo lake la jimu laweza kuwa Jumatano moja na Jumamosi moja, dakika 40 kila mara. Siku sita zimekuwa mbili, na hakuna alichoibiwa.

Wapo watakaouliza kuhusu hatua 10,000 ambazo simu na saa za mkononi huwadai watu kila siku. Idadi hiyo haikutoka maabara. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua ambacho jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi. Jina likapendeza, likaenea duniani. Utafiti wa I-Min Lee na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuatilia wanawake zaidi ya 16,000 ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 72. Waliotembea hatua karibu 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache zaidi kuliko waliotembea 2,700, na faida ilikoma kuongezeka karibu na hatua 7,500. Nyanya anayekwenda sokoni na kurudi asione haya mbele ya simu ya mjukuu wake.

Kabla ya kuandika lengo lolote, hata hivyo, kuna kipimo kinachotangulia ratili. Uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani. Presha haina maumivu. Mtu anaweza kuwa nayo, aingie jimu, ashike chuma kizito, akaze pumzi, na presha iliyokuwa juu ipande zaidi. Ndiyo sababu anayeinua uzito hufundishwa kutoa pumzi wakati wa kuinua na kuvuta wakati wa kushusha.

Kupimwa si safari ya mbali. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao wengi huwaita CHP, walipewa mikoba yenye kifaa cha kupima presha, cha kupima sukari, na ratili. Huzunguka nyumba kwa nyumba, na kazi hii ni yao. Mwenye dawa za presha au sukari, aliyewahi kuumwa kifua au kuzirai, mjamzito, au aliyejifungua juzi, amwone daktari au mhudumu wa kliniki kwanza na amweleze anakusudia kufanya nini. Mara nyingi jibu huwa ni aendelee, ila kwa kiasi fulani. Kiasi hicho ndicho kinachotafutwa.

Wiki za kwanza zina mambo yake, na asiyeyajua hukata tamaa bure. Nguvu huongezeka haraka, pengine ndani ya wiki tatu, lakini kioo hakionyeshi chochote. Sababu ni kwamba mwanzoni kinachobadilika zaidi ni mishipa ya fahamu inayojifunza kuiamrisha misuli. Misuli yenyewe huchukua muda zaidi kukua. Ratili nayo inaweza kukaa palepale. Kisha kuna maumivu ya siku ya pili, ambayo huwapata karibu wote wanaoanza, hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, halafu huisha yenyewe. Mtu akishindwa kushuka ngazi Ijumaa kwa sababu ya Jumatano, ajue alizidisha. Apunguze, asiache.

Tofauti na hayo ni mkojo wenye rangi ya chai ya strungi baada ya mazoezi makali, pamoja na misuli iliyovimba na udhaifu. Hiyo ni dalili kwamba misuli imevunjika kupita kiasi na figo ziko hatarini, na mtu aende hospitali siku hiyohiyo. Hali hii ni nadra, lakini huwapata hasa wageni wa jimu waliosukumwa siku ya kwanza kana kwamba ni wanajeshi. Kocha anayejisifu kwamba wanafunzi wake hutapika hajui kazi yake. Kipimo chema cha kuanzia ni uzito ambao mtu anaweza kuuinua mara 10 au 12 na bado akahisi kwamba mara mbili tatu zaidi zingewezekana. Wiki ambayo uzito huo umekuwa mwepesi, ndiyo wiki ya kuongeza kidogo.

Kuhusu muda, huambiwa kwamba siku 21 zinatosha kujenga mazoea. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujenga tabia mpya. Wastani ulikuwa siku 66, na kati ya mtu na mtu kulikuwa na tofauti kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Jambo la kutia moyo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Basi lengo la kwanza liwe la miezi mitatu, na lihesabu siku za kuhudhuria badala ya kilo, kwa kuwa siku za kuhudhuria zimo mikononi mwa mtu na kilo hazimo.

Yule mama, kwa mfano, ana wiki 12 zenye siku mbili mbili, jumla 24. Aandike lengo la siku 18. Zile sita zilizobaki ni za mvua, za mtoto mgonjwa, za matanga, za wiki ya mtihani wa KPSEA. Zinapotumika, bado yuko ndani ya lengo. Huo si ulegevu. Ni bajeti, na kila mwenye nyumba anajua kwamba bajeti isiyo na pesa ya dharura haifiki mwisho wa mwezi.

Na aandike kwa kalamu. Eliud Kipchoge, ambaye hakosi kocha wala vifaa, huandika mazoezi yake katika madaftari. Mwezi Mei 2017 huko Monza, Italia, alijaribu kukimbia marathoni chini ya saa mbili, akamaliza kwa saa mbili na sekunde 25. Alirudi mazoezini Kaptagat, na tarehe 12 Oktoba 2019 jijini Vienna akamaliza kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40. Kati ya siku hizo mbili kuna zaidi ya miaka miwili ya kurasa. Hakuna mkazi anayetakiwa kukimbia hivyo. Lakini daftari la shilingi hamsini linaweza kumilikiwa na yeyote, na ndani yake huingia tarehe, zoezi, uzito na idadi.

Kuhusu pesa: kwa anayeanza, ni afadhali kulipa kwa mwezi, hata kama ada ya mwaka inaonekana nafuu. Punguzo la mwaka ni nafuu kwa atakayefika Desemba. Asiye na ada kabisa ana jerikeni. Lita moja ya maji ni kilo moja. Jerikeni ya lita 5 ni kilo 5, ya lita 10 ni kilo 10, na mtu anaweza kuongeza uzito kwa kikombe. Kuchuchumaa na kusimama, kupiga pushapu ukutani na baadaye sakafuni, kupanda ngazi za ploti: misuli haijui kama chuma kimetoka ng'ambo au maji yametoka kwenye tangi.

Chakula nacho kina mazungumzo yake siku nyingine. Itoshe kusema kwamba mandazi mawili na chai yenye vijiko vinne vya sukari pale stejini hushinda dakika nyingi za mashine.

Wiki ya 12 yule mama ampigie tena mhamasishaji wa afya na apimwe presha, kisha afungue daftari. Pengine atakuta siku 19, pengine 16. Atakuta pia kwamba jerikeni ya lita 20 aliyokuwa akiitua katika kila ghorofa sasa inafika ya tatu bila kutuliwa. Lengo la miezi mitatu inayofuata liandikwe siku hiyo, chini ya la kwanza, katika daftari lilelile.