Je, Swila Anaweza Kuzaa na Moma?

Nimesikia hapa ati kuna nyoka aliyezaliwa na swila na moma, na dawa ya hospitali haimwezi. Maneno haya yanaweza kuua mtu.

Swila hutaga mayai, moma huzaa watoto hai. Wameachana kiukoo kuliko ng'ombe na mbuzi. Hawawezi kupata mtoto pamoja.

Lakini ndugu wa karibu huchanganyika kweli. Moma wa Gaboni na mwenzake mwenye vipembe puani wameshazaa chotara. Kule Florida, Marekani, mwaka 2018 watafiti walipima chatu wa Burma walioenea huko, wakakuta wengine wana damu ya chatu wa India. Na chotara wa nyoka mara nyingine huzaa, si kama nyumbu!

Sumu ya chotara hutoka kwa wazazi wake. Daktari hutazama dalili: uvimbe, damu isiyoganda, kope kulegea. Basi ukiumwa usikae kubishana ni nyoka gani. Usichanje, usifunge kamba. Tuliza kiungo, upelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Na nyoka mwachieni huko huko, maana hata kichwa kilichokatwa huuma.